Karatasi ya Herufi Kubwa

Nzula alisimama mbele ya kanisa la mabati pale Noonkopir, Biblia wazi mikononi, maneno yakimtoka kama maji ya bomba. Hakukosea hata moja. Ila ukurasa uliokuwa mbele yake haukuwa na maneno yale. Somo alikuwa amelikariri jana yake jikoni, mamake akimsomea huku akimenya viazi.

"Bwana asifiwe!" Mchungaji Mbithi alinguruma. "Macho yaliyofungwa leo yanasoma!"

Mamake, Kaluki, ndiye aliyeshuhudia mwaka wa 2001 kwamba bintiye ameponywa. Siku ile Nzula alipungiwa kitambaa chekundu, akasema anakiona. Kitu kikubwa cha rangi kali alikuwa akikiona siku zote; maandishi ndiyo yaliyomshinda. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Lakini ushuhuda ukishatoka kinywani haujui njia ya kurudi. Kioo chake cha kukuzia maandishi kikafungiwa kabatini.

Sasa yuko kidato cha nne. Jumamosi iliyofuata, Mwalimu Mwihaki alifika nyumbani.

"Mama Nzula, Jumatatu ndiyo mwisho wa kumwombea karatasi ya mtihani ya herufi kubwa. Mwalimu mkuu anataka mzazi aje aseme mwenyewe kwamba mtoto haoni vizuri."

"Anaona," Kaluki alijibu. "Kanisa zima linajua."

"Kwenye mtihani wa majaribio hakufika hata nusu ya hesabu, na si kwa kutojua. Huo wa taifa hauna huruma. Bila hiyo karatasi, atafeli."

"Mwalimu, nilisimama mbele ya watu nikashuhudia. Leo nikisema haoni, nitakuwa nimemwita nani mwongo?"

Mwihaki aliiacha chai yake ipoe, akaaga.

Nzula alikuwa nyuma ya mlango. Darasani alishazoea masihara ya mwanafunzi mwenzake, Kiama: "Nzula, hiyo karatasi unaisoma ama unainusa?" Alicheka pamoja na darasa, yakapita. Hili la mamake halikupita. Mamake hakuwa akimlinda yeye. Alikuwa akimlinda Mungu, kana kwamba Mungu ndiye mwenye macho mabovu.

Asubuhi ya Jumapili alikataa kukaririshwa. "Leo nitasoma mwenyewe, Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba chao. Kaluki alitabasamu, akidhani ni imani iliyokomaa.

Kanisani, mbele ya watu, Nzula aliinua Biblia hadi kope zikagusa karatasi. Akatoa silabi moja. Akaigeuza Biblia kutafuta mwanga. Akatoa nyingine. Ndani mlikuwa na kiza, madirisha ya mbao yamefungwa kuzuia vumbi la barabarani.

"Kwani anainusa?" mtu alinong'ona, na kicheko kikafichwa ndani ya kikohozi.

"Endelea tu, binti, kwa imani," alisema mchungaji. Sauti yake sasa haikuwa na ngurumo.

"Sioni, Mchungaji. Herufi ni ndogo."

Kaluki akainuka. Wanawake walikunja magoti kumpisha, wakidhani anakimbilia nje na aibu yake. Alimpita mchungaji bila kumtazama, akafika dirishani, akalisukuma kwa kiganja. Mwanga uliangukia ukurasa, na pamoja nao likaingia vumbi, na mlio wa kengele za ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara.

"Soma, mama," alimwambia bintiye. "Kesho nitakuja shuleni."

Mkono wake ulibaki pale pale kwenye ubao, maana upepo ulikuwa ukilirudisha dirisha.