Nyuki kwa Magoti ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja Yustus hakuwahi kuuona uso wa mama mkwe wake, na hakuna aliyeshangaa. Mwanamume wa Karagwe mwenye adabu hakutani macho kwa macho na mama aliyemzaa mkewe. Wakipishana njiani, mmoja hujitosa migombani. Wakiwa na la kuzungumza, huzungumza ukuta ukiwa katikati. Yustus alilelewa hivyo, na ubatizo wa Kilutheri haukulipunguza hilo hata chembe.

Ila Komujuni, mama mkwe huyo, hakuwa na mtoto mwingine zaidi ya Kokuberwa. Mumewe alipofariki kule Kamuli, na magoti yake yakaanza kuvimba hata jembe likamshinda, Yustus aliagiza aletwe kwake Kanoni. Akamjengea kibanda mwisho wa kibanja chake cha migomba, mlango ukitazama upande wa pili. Watu walinong'ona kwamba mama kukaa kwa mkwewe ni aibu. Yustus akawajibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, akaendelea kukandika udongo.

Mama mzazi wa Yustus alikufa yeye angali ananyonya. Sauti ya Komujuni ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumwita mwanangu kwa namna ya kumaanisha. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukagua mizinga yake ya nyuki, Yustus alisimama nyuma ya kibanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyuki wako wameamkaje?"

"Wameamka na hasira."

"Basi wamefuata mfugaji wao."

Akaenda zake anacheka peke yake kama punguani. Alimpenda yule mama, na hakuna haja ya kulizungukia neno hilo.

Masika ya mwaka uliofuata kwisha kwa vita vya Hitila, Komujuni alishindwa kunyanyuka kabisa. Kokuberwa akawa anambeba mgongoni, mama aliyembeba yeye. Jioni moja alikuja jikoni macho mekundu, akamwambia mumewe, "Mama anasema hataki kingine duniani. Anataka aende chooni kwa miguu yake mwenyewe."

Yustus alikuwa na dawa aliyorithi kwa baba yake. Alianza na ile ya upole: nta iliyolainishwa kwa samli, ipakwe ingali vuguvugu, goti lifungwe kitambaa, na asali kwenye maji ya moto. Ilimpa nafuu ya asubuhi tu. Ikabaki ile kali. Baba yake alikuwa akimshika nyuki mabawa na kumbana gotini mpaka achome, nyuki mmoja kila goti, na wazee wa Nyaishozi waliokuja kwa mikongojo walirudi kwao wameibeba begani. "Goti litavimba," baba alimfundisha, "na hilo ndilo unalolitaka. Lakini mtazame mgonjwa usoni, mtazame na tumboni. Uso ukivimba, au tumbo likitoka mabaka, acha, usirudie tena maisha yako yote."

Baba yake, hata hivyo, aliwatibu wagonjwa aliokaa nao uso kwa uso. Yustus alitaka kutibu kupitia ukuta wa udongo.

Alimfundisha Kokuberwa kushika nyuki. Akamwambia amtazame mama usoni. Habari ya tumbo hakuitaja. Ulimi ulifika pale ukakwama, maana mwanamume atalitajaje tumbo la mama mkwe wake, tena mbele ya binti yake? Akajisemea kwamba uso unatosha.

Nyuki wa kwanza walipita salama. Wa pili, baada ya majuma mawili, wakapita salama pia, au ndivyo alivyoambiwa. Siku ya tatu yake alikuwa akikata majani ya migomba aliposikia fimbo ikigonga ardhi, tko, tko, polepole, ikielekea chooni. Alijitupa nyuma ya mgomba kwa heshima, akafumba macho, machozi yakamtoka kwa furaha.

"Mwanangu," sauti ikamwita kutoka upande ule, "najua umejificha hapo. Nyuki wako wabarikiwe."

Wangeachia hapo! Lakini nani huachia nusu ya njia? Fimbo bado ilikuwepo, na Komujuni aliitaka itupwe. Majuma mawili yalipotimia, Yustus alileta nyuki wawili ndani ya kibuyu, akakipitisha dirishani bila kutazama ndani, akasimama ukutani kama kawaida.

"Tayari," Kokuberwa alisema.

"Usoni vipi?"

"Salama."

Kisha akamsikia mama akikohoa, kikohozi asichokijua, naye alivijua vikohozi vyake vyote.

"Kokuberwa! Mama ana nini?"

"Anasema koo linamwasha. Midomo... Yustus, midomo inavimba!"

Alikuwa mlangoni kabla hajajua miguu yake imemfikishaje. Mkono ulikuwa tayari kwenye mlango wa matete. Ndani, pumzi ilikuwa ikivutwa kwa mluzi, na katikati ya mluzi ule sauti ya mama ikatoka, imekonda, "Usiingie, mwanangu. Niko wazi, sijajisitiri."

Akatii. Alisimama pale, mkono kwenye matete, akihesabu pumzi za mtu aliyempenda, hadi ikakosekana ya kuhesabu. Zahanati ya misheni ilikuwa mwendo wa nusu siku. Huenda hata angeingia asingeweza lolote. Watu walimwambia hivyo baadaye, kwa nia njema, na halikumsaidia kitu.

Kokuberwa alitoka akakaa chini kizingitini.

"Mara ile ya pili alitoka mabaka tumboni," alisema. "Akanikataza nisikwambie. Alisema tumbo lake si habari ya kupelekewa mkwe."

Yustus alitaka kukasirika akakosa mtu wa kumkasirikia. "Hukuwa na kosa," alisema. "Mimi nilijua kuwa tumbo lazima litazamwe. Niliona aibu kukutajia."

Wakatazamana, na kilio kikawatoka pamoja, kilio cha kuitisha majirani.

Mtoto wa kiume wa kuutoa mwili wa mama ndani hakuwepo. Rwegasira, mzee wa ukoo, alianza kusema kwamba mkwe hagusi, kisha akamtazama Yustus, akampisha mlangoni. Yustus akaingia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akafunua kitambaa kilichofunika uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama Komujuni. Macho yalikuwa yamefunikwa na uvimbe, midomo imejaa, mashavu yamekaza. Hapakuwa na uso pale wa kumjua mtu.

Alikaa akiutazama kwa muda mrefu. Kokuberwa aliyesimama nyuma yake alidhani anasali.

"Mke wangu," alisema mwishowe, bila kugeuka, "hebu niambie. Mama alikuwa anafananaje?"