Palizi Ndani ya Maji ya Chumvi

Tangu asubuhi Apollinarie alikuwa hajakaa kitini. Alifagia chumba cha kungojea, akaenda kwenye kioo cha tangi la maji, akatazama. Akapanga viti, akarudi kwenye kioo. Kliniki ya meno ya Dokta Clovis, pale Kasenga, ilikuwa imefungwa wiki ya tatu sasa, kwa hiyo hakukuwa na mgonjwa wa kumsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa mle ndani ya maji. Akahesabu tena: vijiua arobaini na saba. Jana vilikuwa arobaini na kimoja, na kesho Dokta anarudi.

Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa na kutunza akwariamu ile ya maji ya chumvi. Watu wa Kasenga waliicheka wee mpaka wakachoka: mtu anaishi kando ya ziwa zima la Tanganyika, halafu anaagiza chumvi ya kutengenezea maji ya bahari! Waache wacheke. Mle ndani mlikuwa na tumbawe la zambarau, jiwe hai lenye matawi, ambalo mama Nyirabahizi, mke wa Dokta, alilileta kutoka Mombasa likiwa dogo kama kidole gumba. Alilikuza miaka minane. Mwaka jana mama akafariki, nguo zake zikagawiwa, likabaki tumbawe. Siku Dokta alipoondoka kwenda Bujumbura kumuuguza dada yake, alisema neno moja tu: "Uniangalilie ile."

Naye aliangalia, jamani, asije mtu akasema hakuangalia! Siku ya tatu aliona vijiua viwili vya kahawia chini ya tumbawe, shingo nyembamba, nywele ndefu zinachezacheza. Apollinarie ni mtoto wa Lubarika, amekua na jembe mkononi. Kwao, kitu kilichoota bila kupandwa kinaondolewa kabla jirani hajakiona. Akaingiza kisu, akakata, akakwangua mpaka jiwe likang'aa, akajisifu mwenyewe. Baada ya wiki, viwili vikawa kumi na viwili. Akakwangua tena, kwa hasira zaidi. Sasa ndiyo hivi.

Saa sita uvumilivu ukamwisha. Akampigia simu Onesphore wa Kimanga, ambaye huzamia ziwani kukamata samaki wa mapambo na anajua mambo ya akwariamu, akamweleza alichokiona.

"Iguse na kijiti," Onesphore akasema. "Inafanya nini?"

"Imeingia ndani ya tundu, fyu!"

"Basi ni aiptasia. Ni anemone mubaya, mnyama wa majini mwenye sura ya ua, inachoma majirani mpaka wanakufa. Hukukata, eh?"

Apollinarie akakisukuma kisu kando.

"Dada! Umekata?"

"Minye nilipalilia tu."

"Yesu wangu! Kila kipande unachoacha kinaota kingine. Weye hukupalilia, ulipanda!"

Akacheka mpaka akakohoa. Apollinarie hakuona cha kuchekesha. Hatimaye Onesphore akamuuliza kama kuna ule unga mweupe wa chokaa ambao waganga wa meno wanaweka ndani ya jino kabla ya kuliziba. Ulikuwepo, kabati zima.

"Ukoroge na maji kidogo, uwe kama uji. Zima pampu. Vuta na seringi, uilishe mdomoni polepole. Ukiigusa, itajificha, na utakuwa umekosa."

Alizilisha moja moja, pumzi ameshika. Zilimeza kwa uroho, kisha zikanywea. Kufika saa kumi na moja zilibaki tatu, na hizo tatu zilikuwa zimejibana katikati ya shina la tumbawe. Upande mmoja wa shina ulikuwa umeshakuwa mweupe. Akapiga simu tena.

"Hapo usitie dawa, itaunguza tumbawe lenyewe," Onesphore akasema. Safari hii hakucheka. "Vunja tawi lililo safi, ulibandike juu ya jiwe lingine. Shina ulitupe."

"Nivunje kitu cha marehemu?"

"Ao uache liliwe lote."

Hakuvunja. Alishindwa.

Asubuhi Dokta alipofika, wagonjwa watatu walikuwa wameshajipanga nje, mashavu yamevimba. Apollinarie hakungoja hata atue mfuko wake. "Dokta, nimeharibu," akasema, akaeleza yote, kisu pia. Dokta akachuchumaa mbele ya kioo.

"Vunja," akasema.

"Minye siwezi, Dokta. Ni mikono yangu ilileta haya."

"Na yangu haijaingia humu hata siku moja. Marehemu alikuwa ananikataza. Alisema vidole vyangu vinanuka dawa."

Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akanawa mara tatu kwa maji matupu. Alipoingiza mikono majini machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyaficha. Tawi likasema ka! Apollinarie akatia gundi juu ya jiwe safi, Dokta akalikandamiza tawi hapo, akatulia.

"Onesphore amesema ulishike dakika tano," Apollinarie akamwambia.

Dakika tano zikapita, kisha kumi. Mlango ukagongwa. "Dokta, jino linaniua!"

Gundi ilikuwa imekauka zamani, na Apollinarie aliona, lakini Dokta hakuliachia tawi. Akatoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akawaambia wagonjwa wangoje kidogo.