Mitaro Katikati ya Uwanja wa Raga

Usigeuze shingo. Nakusema wewe uliyekuwa mgahawani kwa Mwamvita jana, chai mkononi, macho kwenye runinga, jembe lenye udongo mbichi umeliegemeza ukutani.

Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji alitangaza msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Hakusema wa kazi gani, nawe hukuuliza. Sisi tukiitwa msaragambo tunakwenda. Asiyekwenda anatozwa faini na kusemwa mwaka mzima. Ukaonyeshwa kamba ya kufuata, ukachimba. Ulipoinua kichwa ulikuwa umeshakata msingi wa vibanda vya biashara katikati ya uwanja wetu wa raga, ule tuliousawazisha kwa msaragambo vilevile, mwaka 2016. Nakumbuka nani alileta toroli na nani alileta mdomo tu.

Ukajifuta jasho, ukaenda kutazama Afrika Kusini na Nyuzilandi.

"Winga ni mbio," alisema Fanueli, fundi baiskeli, mtu wa Nyuzilandi. "Mpe mpira na upenyo wa mita moja, basi. Mengine porojo."

"Mbio hata swala anazo," akajibu Isihaka, muuza mchele wa Kihurio. "Winga wetu wa Afrika Kusini anarudi kukaba. Wenu akipitwa anashika kiuno kama anasubiri basi la Mwanga."

"Fainali ile ya Kombe la Dunia mlishinda kwa pointi moja!"

"Kwani kombe linatolewa nusu, mzee?"

Mgahawa mzima ukacheka. Na wewe ukacheka.

Ndipo akaingia Rogathe, winga wa timu yetu ya hapa kitongojini, binti wa miaka kumi na tisa.

"Shikamooni."

"Marahaba, winga!" Fanueli akamvutia kiti. "Tuamulie. Mbio au kukaba?"

Hakukaa. "Winga ni nafasi ya kukimbia, baba. Jumamosi ijayo makocha wa timu ya taifa wanakuja kunitazama pale uwanjani. Nimetoka huko sasa hivi. Nani amechimba?"

Fanueli akaachia kile kiti.

"Tuliitwa, mwanangu," Isihaka akasema.

"Mliitwa. Na msimu huu kila nikifunga trai mnanibeba mabegani. Pale pale. Hamkuona mnapochimba?"

Akatoka. Mimi nikainuka mezani, nikaenda kwa mwenyekiti. Unajua alinijibu nini? "Watu arobaini walichimba, hakuna aliyepinga. Jumatatu mawe yanashushwa." Arobaini! Hata ushahidi tumemchimbia wenyewe.

Leo Jumapili. Tangu ibada iishe Fanueli yuko uwanjani anafukia, na Isihaka yuko naye, bado wanatupiana maneno kuhusu winga wa nani ni winga. Mitaro yote ina mita sitini. Watu wawili hawaimalizi, na lori linaingia kesho alfajiri. Mawe yakishashuka, Rogathe hana pa kukimbilia.

Usiniambie hujaitwa. Nakuita mimi. Acha hiyo chai, chukua jembe, njoo ufukie ulichochimba. Sasa hivi.