Chai ya Idrissa

Chini ya kikombe palibaki unga wa njano. Shakila aliuchovya kwa kidole, akauonja, na uchungu wake, uchungu wa dawa, ukamng'ata ulimi. Sukari haikuuficha, wala maziwa. Ndipo alipokumbuka, kwa aibu iliyomwasha mwili mzima, jinsi alivyojisifu kwa kikombe hicho mtaa mzima.

Maana tangu Idrissa arudi safari ya Bunagana na lori lake la maharage, alikuwa akiamka kabla ya mkewe, akiwasha makaa kwenye mbabula na kumpikia chai. Idrissa huyo huyo ambaye tangu waoane hakujua jiko liko upande gani wa nyumba! Mtaa wote wa Birere ulizipata habari hizo, na aliyezitangaza ni Shakila mwenyewe. Jirani yake Bénie alicheka hadi akashika ukuta.

"We Shakila, umemupa nini huyu bwana? Nipe na miye nimupe wangu."

"Sikumupa kitu," Shakila alijibu, shingo imemrefuka kwa maringo. "Ni mapenzi tu."

Mapenzi! Sasa Shakila, mwenye kupendwa, alikuwa amechutama mbele ya mbabula akichokora jivu, kwa kuwa mtu anayemimina unga wa dawa ndani ya chai lazima atupe ganda lake mahali. Aliyapata maganda ya kapsuli, mengine yameyeyuka, mawili bado mazima. Akayafunga kwenye pindo la kikwembe chake.

Si mara ya kwanza kunyweshwa asichokijua. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa amekwisha kufa, mama mkwe wake, Mama Faida, alimletea kombe la maandishi yaliyooshwa kwenye sahani, akanywa. Alipozaliwa wa pili naye hakulia, ililetwa mizizi kutoka Kalengera, akanywa. Kliniki ilikataliwa, maana jicho baya, alisema Mama Faida, halionekani kwa vipimo vya wazungu. "Mficha uchi hazai," bibi huyo alimwambia kila mara, akimtazama tumboni. "Sema ulifanya nini usichanani mwako, tukuombee." Shakila hakuwa na la kusema, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ni ungamo. Mfa maji haachi kutapatapa, naye alikunywa yote, akashukuru.

Hakwenda kwa muuza dawa wa njiani, ambaye angemtangaza kabla jua halijatua. Alikwenda kwenye kituo cha afya cha upande wa pili wa mji, akayaweka maganda mezani mbele ya muuguzi aliyeitwa Mama Olive.

"Hii dawa ni ya nini?"

Olive aliyageuza kwa ncha ya kalamu. "Inatibu magonjwa mingi. Nani alikuandikia?"

"Hakuna mutu. Nimeikuta ndani ya chai yangu."

Kalamu ikasimama. Olive aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi karibu zaidi. "Mama, uko na mimba?"

Hilo Shakila alikuwa hajamwambia mtu, hata Idrissa. Mimba mbili alizozitangaza ziliishia kaburini, na hii ya tatu alikuwa akiilinda kwa kimya. Aliitikia kwa kichwa. Olive akamchoma kidole, akadondosha damu juu ya vipimo viwili, wakangoja.

"Kile cha sida, huo ukimwi, hakionyeshi kitu," muuguzi alisema hatimaye. "Lakini hiki kinaonyesha kaswende."

"Siumwi! Sina kidonda, sina kitu."

"Inaweza kukaa kimya miaka. Kidonda chake hakiumi, kinaweza kutoka mahali hauoni, kinapona chenyewe. Mutu anawaza imeisha, kumbe imelala."

"Nimeipata chooni? Tunachangia choo na wapangaji."

"Choo munakisingizia bure. Inapita kwa kulala na mutu mwenye iko nayo. Na mama anaweza kuipitisha kwa mutoto mwenye kuwa tumboni."

"Nani alianza? Miye ao yeye?"

"Kipimo kinaonyesha ugonjwa, mama. Hakionyeshi mulango wenye ulipitia."

Shakila alicheka, kicheko kikavu kilichomshtua mwenyewe. Mlango aliujua. Mwanamume aliyemjua duniani alikuwa mmoja tu. Kisha akauliza alichotaka kuuliza tangu neno mtoto litajwe. "Na wale wawili?"

Olive alivisogeza vipimo kando. "Ugonjwa huu unaweza kuua mutoto tumboni. Kama ndio uliwaua wale, sijui. Hakuna mutu aliwapima."

"Na huyu?"

"Huyu tumemukuta mapema. Hizi kapsuli haziko za mwenye mimba. Sindano ndio inamufikia na mutoto. Leo moja, kisha unarudi wiki ijayo, na yenye kufuata. Lakini musikilizane muzuri: bwana yako asipotibiwa, atakurudishia. Na mpaka sisi hapa tuseme inatosha, musilale pamoja. Alikunywa nini yeye, kama dawa ilikuwa ndani ya chai yako?"

Shakila hakujua. Sindano ilikuwa nzito na ilimuuma mguu mzima, naye aliyapokea maumivu hayo kwa furaha chungu, kwa kuwa safari hii aliambiwa kinachoingia mwilini mwake ni nini.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akichechemea, na hasira ikichemka ndani yake kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Hasira ya nini hasa? Ya ugonjwa? Ugonjwa ungesameheka, madereva hulala njiani, na yeye hakuolewa na malaika. Kilichomchoma ni kile kikombe. Idrissa alikaa mbele yake kila asubuhi akimtazama anavyomeza, akimwambia, "Maliza, mama, isipoe." Alijua. Na kwa miaka yote hiyo, mama yake alipokuwa akimwita Shakila kaburi la watoto, yeye alikuwa akikodolea macho sahani yake ya ugali. Jioni ile Shakila alimpakulia chakula kama siku zote. Alitandika mkeka chumba cha pili, akalala peke yake.

Asubuhi chai ililetwa kama kawaida. Mama Faida naye alikuwa amekwisha kuingia kutoka nyumba yake ya uani, ameketi kwenye kigoda akingoja kuamkiwa. Shakila alimwamkia kwa adabu zote. Kisha akakisogeza kikombe katikati ya meza.

"Leo sikunywi."

"Juu ya nini?" Idrissa aliuliza.

"Sina hamu."

"Kunywa kidogo tu, mama."

"Kunywa weye."

Idrissa aliangalia kikombe, akaangalia mlango. Mama Faida akaguna. Alikuwa mtu asiyeweza kuona sukari ikipotea. "Mwanamuke wa kudekezwa huyu. Leteni hapa," akasema, akakitwaa, akakipeleka mdomoni.

"Mama, usikunywe!"

Sauti ya Idrissa ilipasuka hata kuku wakakimbia uani. Kikombe kilibaki angani, karibu na midomo ya bibi. Mama Faida alimtazama mwanawe, akakitazama kikombe, akakishusha polepole mezani.

"Iko nini humu ndani?"

Shakila alifungua pindo la kikwembe, akayaweka maganda mawili kando ya kikombe. "Mwambie, Idrissa. Mama anauliza."

Idrissa alianza kusema. Yalitoka vipande vipande: mwanamke wa njiani, si mmoja, ugonjwa aliopimwa kule Bunagana, dawa aliyopewa, na maneno aliyoambiwa, kwamba amlete mkewe naye apimwe. "Nilisikia aibu," alisema. "Nikagawanya dawa yangu. Asubuhi yako, mangaribi yangu. Nilikuhurumia, Shakila."

"Ulinihurumia!" Sasa ilimtoka yote. "Dawa ya mutu mumoja umeigawanya kama mukate, wewe haukupona, miye sikupona. Na miye niko na mimba, Idrissa! Ungeniuliza kitu kimoja tu, ungejua. Kinywa chako kilikuwa wapi?"

Neno mimba lilikaa chumbani, na hakuna aliyelipigia vigelegele. Mama Faida alikuwa akiyachezea maganda yale kwa kidole. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa ndogo kuliko Shakila alivyowahi kuisikia.

"Na wale wawili?"

Kwa miaka mingi Shakila alikuwa ameyapanga maneno ya siku hiyo, makali yote. Aliyatafuta, akakuta hayahitaji tena.

"Muganga wa kituo cha afya hajui," alisema. "Na miye sijui. Ni ninyi ndio mulikuwa munajua."

Alikichukua kikombe, akatoka nacho, akaimwaga chai juu ya makoro, mawe meusi ya volkano yaliyojaa uani, yakainywa yote. Akakiweka kizingitini, akavaa viatu.

"Mama Olive anafungua kituo saa hii," alimwambia Idrissa bila kugeuka. "Naenda mbele."

Alipofika langoni alimsikia mumewe akitafuta viatu vyake chumbani, akikigonga kitanda. Nyuma ya sauti hiyo ilisikika nyingine. Mama Faida alikuwa ameinama kizingitini, anakisugua kile kikombe kwa mchanga, anakisuuza, anakitazama ndani, anakisugua tena.