VPN ya Saba

Simu ya Farangis, mwalimu mstaafu wa Shiraz, Iran, ilikuwa na VPN sita, programu za kupenyea mitandao iliyofungwa nchini, na asubuhi hiyo tano zilikuwa zimekufa. Hiyo moja iliyobaki alipewa na muuza mboga, maana siku hizi mtu hununua kitunguu kisha huuliza, "Wewe unatumia ipi?" Akaiwasha, ikazunguka weee, mwishowe bintiye Mahnaz akatokea kutoka Hamburg.

"Mama, nakuona vipande vipande."

"Shukuru umepata hata hivyo vipande. Ngoja kwanza, nachukua miadi ya macho."

Tovuti ya kliniki ikamgomea. Tovuti za nchini hazimtaki mwenye VPN. Zinamdhania yuko ng'ambo. Akaizima, na Mahnaz naye akatoweka. Miadi akaipata, lakini VPN ikakataa kuwaka tena. Akavaa mtandio huku akinung'unika, akarudi kwa muuza mboga, akapewa ya saba pamoja na kilo ya vitunguu asivyovihitaji.

"Mama, usizime tena, nakuomba," alisema Mahnaz aliporudi hewani. "Nataka nakala ya cheti changu cha kuzaliwa. Tovuti ya serikali ya huko inanifungia mlango, ati walio nje hawaruhusiwi."

Farangis alivitua vitunguu mezani polepole.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, mama, usikasirike." Mahnaz alishusha sauti. "Muulize muuza mboga wako kama ana VPN ya kuingilia Iran."