Muosha Maiti na Mtafiti

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuishi Likasi mwaka wa tisini na tatu. Mwaka ule mgeni akipiga hodi mtaani kwetu Kikula, mwenyeji alijiuliza kwanza ametumwa na nani.

Huyu aliyekuja aliitwa Patrice, mtafiti kijana kutoka Lubumbashi, mwenye miwani na kinasa sauti cha kaseti. Alisema anachunguza Uislamu na mijadala ya watu: tangu midomo ifunguliwe nchini, Waislamu na Wakristo wanabishana nini hadharani, na mitaani wanaishije. Maneno mazuri. Anne aliyasikia yote akaamini nusu, na nusu yenyewe shingo upande.

Alikuwa na sababu. Yeye kwao Kambove, mji wa jirani, lakini mumewe, Dominique, baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Watu wa asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa na vijana wa chama cha wenyeji wa jimbo na kulundikana stesheni wakingoja treni, Dominique alipoteza kazi yake ya unesi. Walihama usiku mmoja wakapanga Kikula karibu na msikiti, ambako hakuna aliyewajua. Akasilimu, akawa Selemani. Majirani wakadhani ni mtu wa Maniema kama Waislamu wengi wa pale, naye hakuwasahihisha.

"Ni koti tu," alimwambia mkewe. "Mvua ikikatika, tutalivua."

Anne, Mkatoliki wa kubatizwa na kupakwa krisma, alilikubali koti hilo. Roho ni tamu. Shehe Sefu wa msikiti ule naye hakumlazimisha abadili dini.

Basi balaa likaingia kwa mlango wa wema. Muosha maiti wa msikiti alikufa kwa kuhara, na waliobaki waliogopa kugusa maiti za kipindupindu. Nesi haogopi maiti. Tangu hapo kila mwanamume Muislamu aliyefariki Kikula, Dominique ndiye aliyemuosha na kumvisha sanda. Watu wakamheshimu, na Anne akaanza kuona kwamba koti limeshonwa vizuri mno.

Sasa Patrice angeweza kuuliza watu mmoja mmoja, chumbani, mlango umefungwa. Wapi! Profesa wake alimfundisha kwamba watu wakikaa pamoja husema kwa uhuru. Profesa huyo, naapa, hajakaa Kikula hata siku moja. Alasiri hiyo wakakusanywa uani pa msikiti, Waislamu na majirani Wakristo, kinasa sauti katikati juu ya kigoda. Nje, juu ya ukuta wa matofali, walikaa vijana watatu wa chama, wale wale waliokuwa wakiwatoa watu majumbani. Walijifanya wanapumzika. Anne, upande wa wanawake, hakuwaondolea macho.

Mambo yalianza kwa upole: adhana ya alfajiri, shule za misheni, nani anachinja nyama ya sherehe. Kisha Patrice akarekebisha miwani yake.

"Na wale waliingia dini hii miaka ya juzi-juzi," akasema, "baliingia juu ya nini, sababu gani?"

Kuuliza si ujinga, lakini kuna maswali yanayonuka treni. Shehe Sefu akakohoa. Dominique akatazama ardhi.

Sauti ikatoka kwa wanawake, ya Mama Zaina, aliyefiwa na baba yake wakati wa mvua.

"Selemani ajibu," akasema. "Ni yeye njo alimunawisha baba yangu. Bantu banasema yeye iko muntu wa Kasai, aliingia juu ya kujificha. Kama ni vile, baba yangu tulimuzika namna gani? Nani alimunawisha, Muislamu ao mwongo?"

Mama wa watu hakuwa na ubaya. Alikuwa na uchungu wa mzee wake. Lakini kule ukutani vijana waliacha kupumzika, mmoja akateremka. Anne akaiona treni. Mume wake alikuwa anakwenda, anamwona hivi hivi.

Dominique akasimama.

"Maman, sikiliza," akasema, taratibu. "Baba yangu miye alilalaka mu morgue, mu nyumba ya maiti, wiki mbili, juu ya kukosa sanduku. Muntu alitumika kazi maisha yote, na bakamuacha pale anaharibika. Kisha nikaona hapa mu Kikula: tajiri, maskini, kitambaa kimoja, siku moja, anaingia mu udongo na heshima. Njo niliingia. Kanisa niliacha, na sitarudia tena. Baba yako nilimunawisha na roho yangu yote."

Mama Zaina akalia. Shehe akasema Allahu akbar, ua mzima ukaitikia, na Patrice akageuza kaseti kwa furaha ya mtu aliyepata alichokifuata. Yule kijana aliyeteremka alisimama kidogo, akaona watu wote wamemzunguka Selemani wakimshika mkono, akawaita wenzake wakaenda zao.

Anne alipiga makofi kama wengine. Habari ya baba mkwe wake ni ya kweli, alikuwepo, aliisikia harufu. Ila tangu mazishi yale, Dominique hakuwahi kuitaja.

Jua lilipozama walirudi nyumbani. Anne akafunga mlango, akapiga magoti sakafuni na rozari yake, jambo walilokuwa wakilifanya kwa siri kila jioni, yeye akianza na mumewe akimalizia. Leo aliogopa kuanza.

"Salamu Maria, umejaa neema..." akasali mpaka nusu yake, akanyamaza.

Dominique alipiga magoti kando yake. Akaitikia nusu iliyobaki bila kukosa neno, taratibu, kwa sauti ile ile iliyomliza Mama Zaina.

Anne akamtazama usoni kwa muda mrefu. Kati yake na Mama Zaina, mmoja alikuwa amedanganywa leo, na uso ule haukumwambia ni nani. Salamu ya pili hakuianza.