Kigurudumu cha Chini

Mzee Tarsisi wa Mbinga alikuwa na gari moja tu, tena pikapu kuukuu, lakini mlango wa gereji yake ungemfaa balozi. Aliununua kwa mkandarasi wa barabara aliyekuwa anafunga kambi. Ulikuwa mlango wa vipande vya bati vilivyoungwa kwa bawaba, wa kupanda juu na kujilaza darini badala ya kufunguka kwa adabu kama milango ya watu wengine. Siku ulipofungwa, majirani walikuja kuutazama, na mzee akaupandisha na kuushusha mpaka mkewe akamwita ndani.

Kipya kinyemi. Baada ya misimu kadhaa mlango ukaanza kulia, na mzee, ambaye ni mtu wa kahawa na si wa vyuma, akaufanyia alichokijua. Alichukua kopo la grisi akapaka reli zote mbili, chini mpaka juu, akapaka kwa moyo mmoja. Sasa, humo gerejini ndimo alimokuwa akiweka magunia ya kahawa yenye maganda. Vumbi la makapi likanata kwenye grisi, likawa uji mzito mweusi, na vile vigurudumu vinavyotembea ndani ya reli vikaanza kukwama. Mlango ukawa unapanda upande mmoja huku upande mwingine ukiburuzwa. Ndipo mzee alipomkumbuka Aidan.

Aidan ni kijana wa Liuli, Mwanglikana, aliyewahi kufanya kazi Dodoma kwa watu wanaofunga milango ya namna hiyo, kisha akarudi kufungua karakana ya mageti hapa mjini. Alimtaka Jacqueline, binti wa mwisho wa mzee. Mshenga alikuwa ameshakwenda na kurudi, na mzee hakukubali wala hakukataa. Habari ya dini haikumsumbua. Alisema padri na mchungaji watajuana wenyewe. Alichotaka kuujua ni moyo wa kijana. Kabla ya Aidan alikuja mwalimu mmoja, akabishana na mzee juu ya dawa ya kupulizia mibuni. Mwalimu alikuwa na haki yote, na mke hakupata.

Zamani Wamatengo hawakuwa na maneno mengi. Kijana akitaka binti alipewa jembe, akapelekwa mteremkoni kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, na wazee wakakaa pembeni kuutazama mgongo wake. Mzee Tarsisi aliipenda sana desturi hiyo. "Mwambieni aje Jumamosi," alimwambia mshenga. "Ngolo zangu zimekwisha kuchimbwa. Aje anibadilishie vigurudumu vya mlango, nimwone."

Jacqueline alimpigia Aidan simu kumwandaa. "Wewe usimbishie tu," alisema. "Baba akisema jua ni jeusi, wewe sema, ndiyo baba, tena leo limekolea."

Aidan alicheka, lakini maneno yalimwingia.

Jumamosi asubuhi alifika na mbasa wakavu kutoka kwao ziwani na mfuko wa vigurudumu vipya. Akaamkia wote. Mama Hildegardi, mama mkwe mtarajiwa, aliitikia akiwa jikoni, maana mama mkwe hatazamani na mkwe macho kwa macho, na samaki wakapokewa na Jacqueline. Mzee aliketi kwenye kigoda mbele ya gereji. Mdogo wake, Alphonce, alisimama pembeni, mikono mfukoni, tayari kutoa maoni.

Kijana alifanya kazi nzuri, hilo nalisema bila kupepesa. Aliushusha mlango mpaka chini, akabana reli kwa plaizi ili usije ukapanda wenyewe, akavaa glavu. Akafuta ule uji wa grisi kwa matambara na mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana. Kisha akaanza kubadilisha kigurudumu kimoja kimoja. Analegeza bawaba, anatoa cha zamani kilicholika, anaweka kipya, anakaza, ndipo anagusa kingine. Mlango hauachwi na mapengo. Kwenye beringi alidondoshea oili kidogo. Kwenye reli hakupaka kitu.

"Reli huzipaki?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Reli inataka usafi tu. Grisi ndiyo inayoshika vumbi."

Alphonce akaguna. Mzee akamtazama kijana, akatazama kopo lake la grisi lililokuwa pale pale karibu na mguu wake, akalisukuma nyuma ya kigoda kwa kisigino. Aidan aliuona uso ule ukikunjamana, akamkumbuka yule mwalimu. Aliapa kimoyomoyo kwamba hatamsahihisha tena mzee huyu leo, liwalo na liwe.

Ikafika zamu ya vigurudumu viwili vya chini kabisa, kimoja kila upande. Hivyo ni habari nyingine. Kigurudumu cha chini hakishikwi na bawaba. Kimeshikwa na kipande cha chuma, na kwenye chuma hicho hicho umefungwa waya unaopanda hadi kwenye springi nene iliyo juu ya mlango. Mlango ukiwa umeshuka, springi imejikaza kwa nguvu zote za kuunyanyua. Ukifungua bolti za chuma kile kabla ya kuilegeza springi, waya unakipokonya, na kinaondoka na chochote kilichokishika. Springi yenyewe inalegezwa kwa vyuma maalumu, na Aidan vyuma hivyo hakuwa navyo. Nia yake ilikuwa kuviacha vya chini mpaka atakapoazima vyuma Songea. Kilichobaki ni kumwambia mzee, na Aidan alikuwa ameinama akikusanya vifaa vyake polepole, akitafuta maneno yasiyofanana na kubisha.

Mzee hakusubiri maneno. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda, uso umechangamka tena.

"Vimebaki vya chini tu? Hivyo niachie mimi. Kijana asije akasema mlango wa Tarsisi ameutengeneza peke yake." Akaokota spana, akapiga goti.

"Baba," Aidan alisema. "Labda..."

"Labda nini?"

Wote wakageuka. Alphonce alikuwa anatabasamu tabasamu la mtu anayengoja kuona. Jacqueline alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akimtazama Aidan kwa macho ya kuomba. Neno lilikuwa moja tu, na kila fundi analijua, na hata mtoto angelisema.

"Labda uvae glavu, baba," alisema Aidan.

Mzee akacheka. "Glavu! Mikono hii imechuma kahawa tangu baba yako hajaoa." Akaingiza spana kwenye bolti ya kwanza, akasukuma, ikalegea. Aidan alisimama na glavu zake mkononi, akiwa amemnyooshea mzee kama mtu anayetoa sadaka. Alijua kwamba glavu haizuii kitu. Alijua, akaiona bolti ya kwanza ikitoka, akaona spana ikihamia kwenye ya pili.

Mlio ulisikika hadi barabarani. Kile chuma kiliruka kikagonga juu, mlango ukainama upande, na mzee akaanguka chali akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Jacqueline akapiga kelele. Mama Hildegardi akatoka jikoni mbio, akampita mkwe bila kukumbuka desturi, akavua kitenge na kuufunga ule mkono.

Pikapu ilikuwa ndani, nyuma ya mlango uliokwama. Mwenye gari akapelekwa hospitali kwa bajaji, Aidan akiwa amemkumbatia na kuunyanyua mkono uliofungwa ili damu isitoke zaidi. Njia nzima mzee hakulia. Alikuwa akisema, "Pole, mwanangu, nimekuchafulia shati."

Vidole viwili havikuokolewa.

Jioni, nje ya wodi, Jacqueline aliketi karibu naye kwenye benchi. "Kwani ilikuwaje, Aidan? Wewe ni fundi. Kumbe mlango unaweza kufanya hivyo?"

"Ni ajali," alijibu. Neno lilikuwa dogo na lilitoka kwa shida. Jacqueline akamshika bega, akamwambia asijilaumu, na mkono wake ule wa upole ukawa mzito kuliko kofi. Aidan alitamani amgombeze. Hakuna aliyemgombeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake, kwamba watu wote walikuwa wema.

Jumapili baada ya misa ndugu walijaa wodini. Mzee Tarsisi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene juu ya shuka, ila sauti yake ilikuwa imerudi. Alipomwona Aidan amesimama nyuma ya watu, karibu na mlango, alimwita kwa kidole cha mkono mzima.

"Sogea hapa, mkwe."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Wanawake wakaangaliana. Jacqueline akajifunika mdomo kwa khanga. Aidan alisogea, na mzee akamshika mkono.

"Sikilizeni," mzee alisema. "Nimekaa na kijana huyu kutwa nzima. Hakunibishia. Mimi ndiye niliyeshika spana kwa ukaidi wangu, naye akanipa glavu, nikamcheka. Ningezivaa, leo ningekuwa na vidole vyangu. Mtu wa adabu kama huyu simwachi aende. Mwambieni padri atangaze ndoa."

Watu walipiga makofi ya taratibu, ya hospitalini. Mama Hildegardi, aliyeketi amegeukia ukutani, alimwambia Jacqueline amwambie mkwe kwamba ameshukuru, na Jacqueline akamwambia huku akitabasamu na machozi yakimtoka. Aidan alisema asante. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akajisikia anaungua masikio. Kila sifa waliyompa ilikuwa imeng'olewa kwenye mkono ule uliolala juu ya shuka, naye alikuwa anazipokea moja moja na kuinamisha kichwa, na wao wakakiona kichwa kilichoinama wakamsifu zaidi. Mkono wa mzee ulikuwa wa moto na mkavu, na ulimshika kwa nguvu ya mtu anayeamini.

Hapo Alphonce akaingia, ametoka jasho, spana imechomoza mfukoni mwa koti.

"Kaka, kesho wanakuruhusu, na siwezi kukurudisha kwa bajaji watu wakatucheka," alisema. "Nakwenda sasa hivi kuitoa pikapu. Nimeuangalia ule mlango. Upande mmoja umeshaachia, umebaki ule mwingine. Nafungua zile bolti mbili za chini, tunausukuma pembeni, kazi imekwisha."

Alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Hapana!" Aidan alipaza sauti. "Usiziguse! Baba mdogo, usiziguse hizo bolti! Ule waya bado umekazwa na springi, utakukata mkono! Bolti za chini hazifunguliwi mpaka springi ilegezwe, hazifunguliwi kabisa!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akainua kichwa. Nesi akachungulia. Alphonce alibaki mlangoni, mdomo wazi, spana ikiwa nusu ndani ya mfuko na nusu nje, na polepole uso wake ukaanza kubadilika, kwanza kwa hasira ya mtu mzima aliyekaripiwa na kijana, kisha kwa kitu kingine. Jacqueline hakuwa anatabasamu tena.

Mzee Tarsisi alimtazama Aidan. Hakukunja uso. Alionekana kama mtu anayehesabu upya jambo alilokwisha kulihesabu.

"Kumbe ulijua," alisema.

Aidan alitafuta pa kuweka macho, akakosa. "Ndiyo, baba."

Mzee akauvuta mkono wake wa kushoto, ule mzima, kutoka kwenye kiganja cha kijana, akauingiza chini ya shuka.